Korosho Thelathini Ndooni

Siku ya nne bomba la Newala halijakohoa.
Nimeazima ndoo ya maji kwa Bi Nangoto
kwa kiapo: halitamwagika hata tone.

Darasa la Nne wamekuja na korosho mifukoni,
ghafi, na maganda yake,
zile zilizobaki baada ya mnada.
Tumeziandika namba kwa mkaa, moja hadi thelathini.

"Ipi itazama?"

Kimya. Wananitazama mdomoni
kama vifaranga wanavyotazama mkono wenye mtama.
Wamezoea: mimi nasema, wao wanaitikia.
Jibu liko ulimini.
Nalimeza. Linakwama kidogo, linashuka.

"Kubwa itazama," anasema Somoe.
"Kwa nini?"
"Kwa sababu ni kubwa."
"Iandike. Andika unachodhani kabla hujajua."
Mtipa anabisha. Amezipima viganjani, kushoto, kulia:
ya kumi na saba ni kadogo, ila imejaa.

Chubwi. Ya Somoe yaelea, kiburi chote juu.
Chubwi. Ya kumi na saba
yaenda chini bila kuaga.

Kelele! Mwalimu Mkuu anakuja dirishani na fimbo ya kunyamazisha.
Anachungulia ndooni.
"Na hiyo ya tatu, je?" anauliza,
fimbo ameisahau kwapani.

Kisu nashika mimi; mafuta ya ganda huunguza.
Zilizoelea: kiini kimesinyaa, chumba kitupu.
Zilizozama: nyeupe, nono.
Wanachora mstari katikati ya daftari, huku na huku.
Kisha ya ishirini na mbili.
Imezama. Naipasua. Imeoza.

"Tuifute, Mwalimu, inatuharibia."
"Isifutwe. Umeiona, iandike."
"Sasa kwa nini imezama?"

"Sijui."

Shingo arobaini zinanigeukia.
Neno hilo halijapata kutoka
upande huu wa meza.

Kengele. Wanatoka mbio, vidole vyeusi kwa mkaa.
Somoe amebaki, amechuchumaa,
rula yake iliyovunjika kwenye kumi na nane
ameisimamisha ndani ya ndoo.
"Mwalimu, asubuhi maji yalifika hapa.
Sasa yamepungua nusu kidole.
Na hatukumwaga."

Namfikiria Bi Nangoto na kiapo changu.
Chaki iko mkononi, ubao uko wazi,
jibu limeshapanda tena kooni.

Naiweka chaki chini.
Nami nachuchumaa.
"Wewe unadhani yamekwenda wapi?"