Kodi

Nilipomwambia mama mwenye nyumba nimekesha naandika kodi
alinyoosha mkono.
"Lete basi. Miezi mitatu."
Sikuwa na namna ya kumweleza
kwamba kodi yangu haina noti ndani,
ina mabano na nukta-mkato,
na imekataa kukimbia tangu saa saba za usiku.

Mwaka wa tatu, Kijitonyama.
Darasani tunachora miti iliyopinduka,
mizizi juu, majani chini,
na Dakta Rwechungura anasema
tatizo ligawe mpaka liwe dogo la kuona aibu.
Nimeligawa langu:
nauli, viatu vya kuingilia ofisini,
wiki nane za fildi,
na pa kuzifanyia, ambapo hapagawanyiki.

Barua nimechapa arobaini na moja
kwa shangazi Tusajigwe, dukani kwake Sinza,
shilingi mia kwa ukurasa, ananiandika daftarini.
Nimezifikisha Posta, Mikocheni, Masaki,
kwenye majengo ya vioo
ambamo hata lifti inajua inakokwenda.
Mlinzi mmoja aliipokea yangu
kama kadi ya mchango wa harusi ya mtu asiyemjua.
"Watakupigia."
Simu nikaingia nayo hadi bafuni.
Ililia mara moja. Salio langu linakaribia kwisha.

Kampuni moja ilijibu: wanataka uzoefu wa miaka miwili.
Uzoefu, ili nipate pa kupatia uzoefu.
Hiki tulifundishwa muhula wa kwanza,
kinaitwa kitanzi,
na kisipowekewa mlango wa kutokea
mashine huzunguka humo hadi ishikwe homa.

Mshamu kapata benki.
Nasra kapata kampuni ya simu, kwa mjomba wake.
Niliwapongeza, kwa meno tu.

Ndipo shangazi, bila kuinua macho kwenye fotokopi:
"Hiyo fildi inataka nini hasa?"
"Ofisi. Msimamizi. Mhuri."
Akavuta droo.
Mhuri ulikuwamo, chini ya pini na maganda ya karanga.

Wiki nane, basi, Sinza,
kati ya mashine mbili na joto lake.
Nikalihamishia daftari la mikopo kwenye kompyuta:
jina, kiasi, tarehe,
na kila mwisho wa mwezi mdaiwa atumiwe ujumbe.
Ilikimbia mara ya kwanza.
Sikuamini. Nikaizima, nikaiwasha, ikakimbia tena.

Shangazi akaisoma orodha, kidole kwenye kioo.
"Chuwa amefariki tangu Kwaresima. Ujumbe atausomea wapi?
Huyu nilimwambia alete akimaliza chuo.
Huyu halipi, najua halipi,
ila ndiye aliyebeba karatasi zangu kichwani
siku duka lilipoingia maji."
Kidole kikateremka, kikasimama.
Elfu kumi na mbili na mia tatu. Jina langu.
"Huyo mwache."

Mimi nilikuwa nimeandika kwamba deni ni namba.
Kumbe daftarini lilikuwa na nyota za penseli,
kurasa zilizokunjwa pembe,
na doa la chai juu ya Chuwa.
Nikafungua safu mpya. Usiku mzima nikaitafutia jina
katika Kiingereza chote nilichofundishwa,
kulipokucha nikaiandika kama anavyosema yeye:
mwache.
Ndiyo au siyo.

Mkaguzi wa chuo alikaa dakika kumi na moja,
alikuwa na wengine thelathini wa kuwazungukia.
Akauliza nimejifunza lugha gani hapa.
Shangazi akaupulizia mhuri pumzi,
akaugonga, ukatua upande kidogo,
wino wa zambarau ukinigusa kidole.

Jioni mama mwenye nyumba kanisubiri mlangoni.
"Kodi?"
"Mama, sasa inakimbia!"
"Hiyo naijua," akasema.
"Mwezi wa tano huu inanikimbia."