Swali la Saba

Karatasi ilifika Jumapili, baada ya isha,
imekunjwa mara nne, imelowa jasho la mikono ya watu.
Singano aliitandaza uani kwa kina Mhina, Mikanjuni,
tulikokuwa tukijisomea kwa tochi ya simu.
"Moko nzima hii," akasema. "Jiografia. Majibu nyuma.
Elfu mbili mia tano kila kichwa.
Asiyetoa, huyo ndiye atakayetuchongea."

Sikutaka.
Leo nalisema kwa mdomo;
siku ile nililisema kwa tumbo, likanguruma tu.
Mkono ukajiendea mfukoni
ukatoa hela ya tyubu,
na baiskeli yangu gurudumu la nyuma lilikuwa bapa
tangu Alhamisi.
Nikaununua woga wangu mwenyewe, bei ya rejareja.

Nyumbani, Duga, sikuifungua.
Usinisifu bado.
Niliisukumia chini ya mtungi, nikalala macho wazi,
na kila nikinyoosha mkono
bibi anakohoa chumba cha pili,
kikohozi cha vumbi la singa,
miaka kumi na tisa ya kuanika katani Pongwe.
(Sikujua kwamba jibu la swali la saba
ndilo lililokuwa linakohoa.)
Alfajiri nikaikuta imerowa chapachapa, wino umekimbia:
mtihani uliovuja
ukavuja tena.

Swali la saba: toa sababu tatu
za kuanguka kwa zao la mkonge.
Nikaandika bei. Nikaandika nailoni.
Ya tatu ikanitoka kama sabuni mkononi.
Nikakaa. Feni ikazunguka. Msimamizi akapiga miayo.
Basi nikaandika, kwa Kiingereza changu cha kuchechemea,
kwamba watu walichoka.

Nje, ukutani mwa maabara, wenzangu wanapigana mabega.
"Umeiona ya saba? Si ileile!"
Wakanigeukia.
"Ileile," nikasema. "Neno kwa neno."
Hapo ndipo nilipodanganya
kwamba nimedanganya.
Mhina akanikatia nusu ya chapati yake,
nikaila, tamu,
nikawa wao mpaka ilipoisha.

Wiki ya pili Mwalimu Hoza akaingia na rundo la karatasi.
Hakupandisha sauti.
"Nzige," akasoma. Akafunua nyingine. "Nzige."
"Nzige walioshambulia mkonge.
Darasa la watu arobaini na mmoja, nzige thelathini na nane.
Nani kati yenu amewahi kumwona nzige
akitafuna mkonge?"
Tukatazama viatu vyetu.

Yangu ilikuwa na mkasi mwekundu:
"Watu walichoka" – si hoja.
Nikaliangalia lile kosa.
Lilikuwa na pua yangu.
Nimelizaa mwenyewe, halina baba wa pili,
na nilitamani kulifunika kanga nilipeleke nyumbani
bibi alione.

"Wewe," mwalimu akasema, "wewe hukununua."
Njia nyeupe, imefagiliwa, ya kunyamaza tu.
"Nilinunua," nikasema. "Sikusoma."
Nikamwona akikunja tabasamu lake akilirudisha mfukoni,
na nyuma yangu kiti cha Singano kikasota sakafuni:
"Kwa hiyo sisi ndio wezi?"
Sikuwa na jibu la kumnunulia.

Jioni nikaikokota baiskeli,
gurudumu linalia pwata, pwata, pwata,
hadi karibu na reli.
Mhina akatokea nyuma, akanipita.
Hakusimama.
Alipiga kengele mara moja,
na mpaka leo sijui
kama ilikuwa salamu
au alikuwa ananiambia nipishe.