Jezi Hazikauki Tukuyu

Walikuja Julai, na Julai ya Tukuyu haina adabu:
inanyesha asubuhi, inapumzika kidogo mfano wa mlevi,
kisha inanyesha tena.

Vijana ishirini na sita kutoka Pemba,
timu ya kwanza ya kulipwa kuweka kambi kwetu.
Walishuka kwenye basi na kandambili,
wakatazama kule ambako Rungwe imejifunika ukungu,
wakauliza, mlima uko wapi?

Kocha wao, Bwana Vuai, alisema wamefuata hewa.
Hewa ya juu inatengeneza pafu, alisema.
Nikajibu moyoni: hewa mtapata bure,
jua ndilo hatuna.

Maana jezi nilipewa mimi,
Subilaga wa nyuma ya stendi, karai moja, sabuni ya mche,
shilingi mia mbili kila jezi,
soksi hazihesabiwi.

Nikafunga kamba toka mparachichi hadi choo cha jirani.
Siku ya pili zilikuwa bado zinadondosha.
Siku ya tatu zikaanza kunuka mbwa.
Wakazivaa hivyo hivyo, mbichi, meno yakigongana,
wakapandisha mbio toka Masoko
na watoto wa shule nyuma yao,
halafu ubavuni mwao,
halafu mbele.
Gwamaka wangu, darasa la tano, peku,
aliwapita mabeki wawili
akawasubiri konani akitafuna muwa.

Golikipa Faki alivaa glavu juu ya soksi.
Mama, aliniambia, huku hata mpira unauma.
Nikampa mbalaga ya moto.
Akala, akanyamaza, akajifunza kusema ndaga.
Kesho yake wakaja sita.

Mwisho nikazipeleka jezi jikoni,
juu ya kichanja cha mahindi,
moshi ukazipanda usiku kucha.
Zikakauka.
Namba tisa ikaungua bega.
Sikulala. Nikakata pindo la kitenge changu cha harusi,
nikashona kiraka cha njano kwenye jezi ya kijani.
Mwenyewe, kijana mrefu asiyesema,
alikigusa kwa vidole viwili
kama anayegusa kidonda cha mwenzake,
akaivaa.

Walipoondoka, basi zima lilinukia nyama ya kubanika.

Agosti nikaenda kwa Asajile mwenye redio.
Wamefungwa tatu bila.
Mtangazaji akasema pumzi wanayo, mabao hawana,
mara mbili mpira umegonga mwamba.
Habari ya kitenge hakuitaja.
Redio haioni.

Ipo soksi moja waliisahau, ya mguu wa kushoto,
kama soksi ina mguu.
Naivaa ndani ya buti nikienda kuchuma chai.
Inabana kidole gumba,
lakini inapasha.