Sikio la Kufa

Sikio la kushoto lilikufa Jumanne
kati ya stesheni za Gotsiridze na Didube.
Halikuaga. Lilikwaruza mara mbili,
likanyamaza, na nusu ya kwaya
ikawa imeshuka treni bila mimi.

Maana walikuwa upande huo, watu wa besi:
Tamazi, Jumberi, na Murmani fundi bomba,
waliosimama kushoto siku tuliyojirekodi
kwa simu iliyoegemezwa kwenye chupa ya maji.
Nikabaki na sauti ya juu peke yake,
paa linaloelea, ukuta hakuna.

Niliukunja waya, nikaukunjua,
nikaubembeleza kwa kidole gumba:
hapa, hapa, usitikisike, hapa.
Likasikika neno moja, likazama.
Sikio la kufa halisikii dawa.
Nilidhani methali ile iliwasema wakaidi,
kumbe ilikuwa ikizisubiri hedifoni zangu.

Nina lari arobaini na tano.
Ninazo na nyingine sitini, ndani ya kopo la chai,
lakini hizo ni za gesi,
na Januari, Tbilisi, gesi haijui utani.

Chini ya uwanja wa stesheni kuu, duka la tatu,
kijana Bachuki anauza vioo vya simu, chaja, na subira.
"Unasikiliza nini?"
"Watu."
"Watu gani?"
"Kumi na mmoja. Wanaimba. Wa katikati ni mimi."
Hakucheka. Akapanga maboksi matatu kwenye meza ya kioo.

La kwanza, lari kumi na nane:
besi iliingia kama mgeni mnene
kwenye kochi la watu wawili, akakaa,
akatukalia sote. Murmani alikuwa jeshi.
Mimi sikuwepo.

La pili. Niseme nini juu ya la pili?
Nilimsikia Jumberi akimeza mate kabla ya ubeti.
Kiti kililia. Nje, mbwa.
Nikajisikia na mimi, mstari wa nne,
nikichelewa kuingia,
kosa nililomsingizia Lela miezi mitatu mizima.
Lari tisini na tano.
Nilizivua taratibu, kama mtu anayerudisha mtoto wa watu.

La tatu lilikuwa limebonyea pembeni.
Waya wa kawaida, maikrofoni hakuna, rangi ya majivu,
lari thelathini na nane.
Nikazichomeka. Besi: hewa tupu.
Nikaanza kuzitoa; Bachuki akanizuia,
akamwaga vipira kiganjani: vidogo, vya kati, vikubwa.
"Tundu lisipozibwa, besi hutoroka. Jaribu tena."

Miaka arobaini na moja, nilikuwa sijui
kwamba sikio langu la kushoto ni dogo kuliko la kulia.
Kipira kidogo huku, cha kati kule,
na wazee watatu wakarudi, mmoja mmoja,
wakakanyaga sakafu.
Si kwa utajiri wa zile za pili. Mbwa hayupo.
Kiti hakilii. Lakini kati ya paa na ukuta
umepita uzi mwembamba,
na uzi ni mimi, nimechelewa kidogo.

Nikalipa. Zikabaki lari saba:
mikate miwili ya tanuri, na nauli.

Zile za zamani sikuzitupa. La kulia bado ni zima.
Nimeziweka kwenye droo, pamoja na funguo
za milango ambayo sijui tena iko wapi.

Alhamisi kuna mazoezi.
Nitamwambia Lela. Au sitasema kitu,
nitamsikilizisha tu mstari wa nne,
sikio moja lake, moja langu.
Yeye nitampa la kulia.
La kushoto lina kipira changu.