Tawi Linalogusa Bati

Si panya. Panya ana aibu ya usiku.
Huyu huanza kazi alfajiri,
kengele ya Kidia haijapigwa,
juu ya kichwa changu, kati ya mbao na bati,
akiviringisha makadamia kama mtoto na gololi.

Nimeyahesabu. Mparachichi wa marehemu
ulizaa sabini na kitu mwaka huu.
Thelathini kindi kayang'ata, ng'ato moja moja,
anaonja, anatupa,
kama mkaguzi kutoka wilayani.
Mahindi niliyofukia Jumatatu
Jumanne yalikuwa mashimo
yaliyofuata mstari wa kamba yangu mwenyewe.

Nilianza na majivu ya jikoni.
Akayakanyaga, akaniachia nyayo hadi mlangoni.
Nikatwanga pilipili kichaa na kitunguu saumu, nikapaka shina;
mvua ikashuka kutoka mlimani saa nane,
pilipili ikaishia machoni mwangu nikifungia kuku.
Nikaning'iniza sidii za kwaya, zile alizoimba besi.
Zikazunguka, zikameremeta.
Siku mbili kindi akaziogopa,
ya tatu akakaa mbele ya mojawapo, akijitazama.
Paka nilimwazima kwa Ndeonasia wa bondeni.
Alikunywa maziwa, akalala juu ya gunia la kahawa,
nikamrudisha akiwa mnene.

"Sumu ipo, mama," alisema kijana wa duka la pembejeo, Kiboriloni.
"Na kuku? Na watoto wa shule wanaokatiza kwangu
wakiokota kila kinachoanguka?"
Akairudisha pakiti kwenye rafu.

Basi nikamwita Fundi Ngowi.
Akazunguka nyumba mara mbili, misumari mdomoni,
akakuta tundu chini ya paa, upana wa kikombe cha chai.
Kisha akainua nyundo, akaonyesha juu zaidi:
"Nikiziba hapa atatoboa pale. Daraja lako ni hilo."

Tawi.
Nililijua. Miaka sita nalijua.
Linagusa bati juu ya chumba chetu,
na Baba Anaeli alikataza lisiguswe na panga
kwa ajili ya kivuli chake cha saa tisa,
saa ya redio na kiti cha kukunja.
Kiti kililiwa na mchwa. Kivuli bado huja,
hukaa palepale.

Nikamwambia fundi, anza na tundu.
Akapanda ngazi, akagonga msumari wa kwanza,
na kitu chembamba kikalia mle ndani,
kama mlango wa kabati uliokosa mafuta.
"Watatu," alisema, akimulika kwa simu. "Hawajaota manyoya."
Mama yao alikuwa kwenye tawi, mkia wima,
akinitukana kwa Kichaga, naapa.

Mimi nimestaafu wodi ya wazazi.
Mlango huo siwezi kuupigilia.
Fundi akalipwa nusu siku, na chai.

Wiki sita nililala chini ya mbio zao,
nikawajua kwa miguu: mzito, mwenye haraka,
na yule anayeteleza kila akifika kwenye boriti.
Mchana nilifunika vitalu kwa wavu wa kuku, mawe pembeni,
nikachuma maparachichi yangali magumu,
nikayavundika uvunguni kwa majani makavu ya mgomba.
Vita ni vita. Ila kila mtu kwenye sakafu yake.

Asubuhi moja, kimya.
Nikarusha kokoto juu ya bati. Kimya.
Fundi akaja na wavu wa chuma, akaziba.
Msumeno niliuomba mimi.
Kwanza nikachomeka jani la isale kwenye shina;
msamaha ule haukuwa wa kindi.
Nilikata mpaka katikati, mkono ukagoma,
Ngowi akamalizia bila kusema neno.

Leo saa tisa jua limeingia moja kwa moja
likakuta ukuta una rangi niliyoisahau.

Darini hakuna kitu. Nalala vibaya.
Kule mpakani, chini ya mringaringa,
kuna parachichi lenye ng'ato moja,
bichi bado.
Nimelipita kama sikuliona.