Ukurasa wa Tano

Hortensia, juzi usiku tuligombana
kwa ajili ya ukurasa wa nne.
Wewe Vigo, mimi Valparaíso,
simu sikioni, hati ile ile mbele yetu.
Ukaniambia: soma mstari wa tatu toka juu.
Nikasoma, *jiko na ua wa nyuma.*
Ukasema: hapana, hapa pana deni la maji.
Kisha ukanyamaza,
na ndani ya kimya chako nikasikia
kikulacho ki nguoni mwako.

Sikubadili neno, dada. Hata nukta.

Asubuhi nikateremka ngazi mia na kumi na mbili,
goti likinung'unika,
hadi kwa Wladimir mpiga chapa.
Hakucheka. Alisema:
"Mama, faili halibebi ukurasa.
Linabeba maagizo tu,
hapa herufi fulani, hapa aya mpya, hapa vuta pumzi.
Ukurasa hujengwa upya
kila mashine inapolifungua,
kwa matofali iliyo nayo."

Akaniuliza nilichagua herufi gani.
Ile nyembamba yenye mikia, nikamwambia,
inayofanana na mwandiko wa marehemu mama
alipoandika majina ya wateja kwenye mifuko ya nguo.
"Basi kompyuta ya dada yako haina hiyo.
Ikikosa haikuulizi, inaazima ya jirani.
Na nguo ya kuazima, wajua mwenyewe,
haisitiri matako."

Herufi inanenepa kwa unene wa unywele.
Neno la mwisho halienei, linaruka.
Mstari unausukuma mstari,
aya inaiangukia aya,
hata mwisho wa hati
pana mtu anatupwa nje.

Mtu huyo ni wewe.

Na karatasi! Hilo niligundua mwenyewe.
Nilitoa droo barua yako ya mwaka juzi,
ile ya posta, ya kalamu,
nikailaza juu ya karatasi yetu,
nikachukua utepe wa mama wa kupimia,
ule wa njano uliofutika namba za mwanzo.
Yenu nyembamba kwa milimita sita.
Yetu fupi kwa karibu kumi na nane.
Miaka thelathini na moja uko huko
na sikujua kwamba hata weupe mnaouandikia
una kimo kingine.

Mama angeelewa upesi.
Vipimo vilevile, alikuwa akisema na pini mdomoni,
kata pamba, kata hariri,
utapata magauni mawili yasiyojuana.

Sasa Wladimir ameigandisha hati,
kila herufi imepigiliwa misumari mahali pake,
haitasogea Chile wala Hispania.
Peso mia nane. Nimekutumia.
Lakini ulikuwa umekwisha kwenda na ile yako,
ile iliyomwagika,
maana miadi ilikuwa Jumanne
na mthibitishaji hangoji ngazi zangu.

Nimeiona picha.
Ukurasa wa tano mweupe wote,
ila juu kabisa, sahihi yako na jina lako chini yake.
Wasema Bwana Outeiral aliukataa weupe ule,
kwamba mtu aweza kuongeza shamba zima pale.
Akachukua rula
akapiga mstari wa mshazari, kona hadi kona.

Kwangu umo ukurasa wa nne, chini ya jina langu,
tumebanana kama kwenye kitanda cha chumba cha nyuma,
mguu wako ubavuni mwangu.
Kwako umesimama peke yako
na wino wa mtu baki umepita chini ya nyayo zako.

Nyumba imeuzwa. Fedha ni nusu kwa nusu.
Nimeziweka hati zote mbili kwenye droo,
yako imechomoza kidogo,
droo haifungiki vizuri.