Gramu Moja

Makapi ya kahawa, magunia mawili, bure.
Mlinzi wa kiwanda cha kukoboa akanitania:
"Dada, unafuga kuku?"
Nikasema ndiyo. Ningeanzia wapi.

Kwanza yaoshwe, yaanikwe juu ya bati
siku tatu, Kibo ikijifunika na kujifunua.
Kisha potasi, ile inayokula glovu,
usiku kucha, hadi selulosi ilegee
kama mtu aliyekwisha kuungama.

Kisha tanuri. Ndani ya bomba ni naitrojeni tu,
hewa isipenye hata ya kumtosha sisimizi;
ikipenya, tunavuna majivu.
Penye moshi pana moto, walisema,
na mji wetu wakauita Moshi.
Mimi hapa nina nyuzi joto mia saba
na sina moto.

Juzi, kwenye mia sita, umeme ukakatika.
Luku ina yuniti, nguzo haina neno.
Nikakaa gizani na makaa yangu mabichi, nacheka:
najenga ghala la umeme
na umeme wenyewe haukai nyumbani.

Leo umetoka. Unga mweusi tii,
ukiupumulia unahama.
Nikauosha mpaka litmasi ikanyamaza,
nikapima gramu moja.
Mashine ikapekua vitobo, kitobo ndani ya kitobo,
ikasema: ukikunjuliwa wote
ni mita za mraba elfu moja mia tatu na hamsini.

Nikapiga hesabu kwenye kiganja.
Theluthi ya eka.

Kihamba cha baba kule Uru kilikuwa eka moja.
Walipokigawa, matanga hayajapoa,
Ndesario theluthi, Aminieli theluthi,
Kirenga, hata ndevu hajaota, theluthi.
Mimi nilipewa birika, niwazungushie chai.

Najua, humu hauoti mgomba.
Humu hazikwi mtu.
Lakini kila kitobo ni kitanda cha ioni:
inaingia, inalala, ikiitwa inatoka,
haijawahi kuniuliza
mtoto wa kiume yuko wapi.

Nimeupaka kwenye wavu wa nikeli,
nikaunganisha taa nyekundu, ndogo kuliko buni.
Sekunde arobaini na moja.
Nilizihesabu kwa sauti, chumba kitupu.

Nikiwa nachaji tena, simu ikaita.
Ndesario: mbolea imepanda, dada, una chochote?
Nikamwambia subiri kidogo,
niko shambani.